Nilivyomfukizia Warda Mtandio

Jumapili, 6 Aprili

Khalfan kaniletea daftari hili la skuli lililobaki nusu. Kaniambia, "Mama, ukikasirika andika. Usigombe. Kuta za nyumba hizi nyembamba, mtaa mzima wa Najma unakusikia." Mtoto niliyemzaa mwenyewe ananiambia nisigombe! Haya. Nilisoma mpaka darasa la tano Makunduchi na mwandiko wangu ulikuwa ukisifiwa, basi nitaandika na nitagomba humuhumu.

Leo, Jumapili ya kuanzia wiki huku, skuli zimefunguliwa baada ya Idi. Warda, binti yake Khalfan, kaniamsha alfajiri. "Bibi, nifukizie mtandio." Nikawasha chetezo cha umeme, maana makaa humu ndani yanaamsha kengele ya moto ya jengo zima, nikatia udi, nikautandaza mtandio wa skuli juu yake mpaka moshi ukaingia kila uzi. Mtoto wa miaka kumi na tano, kakulia hapahapa Doha, anazungumza Kiingereza usingizini, lakini mila za kwao hazijamtoka. Wenziwe wananuka chupa za dukani. Wangu ananukia nyumba yenye watu. Nilimtazama akishuka ngazi nikajiona mwanamke.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekutana ngazini na Valerie, binti wa Carolyne, yule Mkenya muuguzi wa ghorofa ya juu yetu. Darasa moja na Warda, basi moja. Kucha za bandia ndefu kama uma, nywele rangi ya kutu.

"Shosh, sasa?" kaniambia.

Shosh! Ndivyo wanavyomwita bibi kwao, kama wanaita paka. Nikamwambia, "Mie ni bibi wa watu, na mkubwa anaamkiwa shikamoo."

"Shikamoo basi, Bibi." Na anacheka.

Tangu lini shikamoo ikawa na basi?

Alhamisi, 10 Aprili

Vumbi. Nimefuta madirisha, yamechafuka tena kabla sijakaa kitako.

Jumapili, 13 Aprili

Zamani Warda alikuwa anafukiziwa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Sasa ni kila siku, mtandio, sweta, mpaka mkoba. Saida, mama yake, kalalamika kwamba nyumba inamuumiza kichwa kwa moshi. Saida anafanya kazi mapokezi hotelini, kutwa anatabasamia wageni, akirudi hana tabasamu lililobaki. Nikamwambia, udi nauagiza mie kwetu, wewe kichwa chako kimeze panado. Mtoto anayependa kunukia umwachie anukie.

Jumatano, 16 Aprili

Leo nimechefuka mpaka kwenye mifupa.

Skuli walipiga simu. Khalfan yuko njia ya Al Khor na gari la kampuni, Saida yuko zamu. Jina langu liko skuli, nimeandikishwa mlezi, basi nikajifunga baibui nikaita teksi. Wamenikalisha chumba baridi kama jokofu la samaki. Mwalimu wa nidhamu anaitwa Miss Melissa, mwembamba, anasema polepole kama mtu anayepima dawa ya mtoto. Kiswahili hajui. Akaitwa karani wao, Loice, Mkenya, atutafsirie.

Juu ya meza palikuwa na kitu kimelazwa kwenye karatasi laini. Cha waridi, mfano wa kalamu nene. Nikakishika. Nikauliza, "Hii ndiyo nini? Ya kusikilizia redio?"

"Iwache, Mama," Loice kasema. "Hiyo ni vepu. Watoto wanavuta. Inatoa moshi wa matunda, lakini ndani kuna ile sumu ya sigara, tena kali kushinda sigara."

Nikakinusa. Stroberi. Peremende iliyooza mfukoni mwa mtu. Na pale pa kutilia mdomo palikuwa na majimaji! Mate! Mate ya mtoto wa mtu kidoleni mwangu! Nikaomba sabuni, nikaosha mkono, nikarudi, nikauona bado mchafu.

Kimekutwa nyuma ya tangi la choo cha wasichana. Yaani mtu anaingia chooni, pahala watu wanapofanya haja zao, anakaa humo ananyonya plastiki. Ng'ombe anachagua pa kula. Hawa hawachagui.

Waliokutwa humo ni wawili, Warda na Valerie. Miss Melissa kasema Warda kaeleza kwamba Valerie ndiye aliyekuwa akivuta. Valerie kasema si yake, na zaidi ya hapo kafunga mdomo, hamtaji mtu.

Kisha Loice akanisomea sheria zao, na sheria zao si za mchezo. Kosa la kwanza, mtoto anasimamishwa, mzazi anatia saini. Kosa la pili, anafukuzwa, wala hapewi cheti cha tabia njema. Bila cheti hicho hakuna skuli hapa itakayompokea, na mtoto asiye na skuli mwisho wake ni ndege ya kwao. Na anayemsingizia mwenziwe anahesabiwa makosa mawili kwa pamoja. Huyo Valerie analo la kwanza tangu mwaka jana. Nikasema moyoni, si ajabu.

Halafu yule mwembamba akauliza jambo lililonitia moto. Kasema, mbona mtandio wa Warda ulikuwa unanuka moshi?

Nikasimama. "Moshi ule wangu mie! Mwambie, Loice. Mwambie mjukuu wangu anafukizwa udi kila alfajiri ya Mungu, na anayemfukizia ni mie, kwa mkono huu. Nusa!" Nikampelekea mkono wa baibui langu puani. "Nusa na wewe! Huu ni moshi wa chooni?"

Loice alicheka kwa kujizuia. Miss Melissa kanusa kwa adabu, kaandika. Wakamwita Warda, akasimama kando yangu macho chini, nikamshika bega. Wakasema maneno yangu yametosha. Warda arudi darasani. Valerie akae nyumbani mpaka baraza la nidhamu likae Alhamisi ya tarehe 15 Mei, na huko ndiko atakakofukuzwa.

Getini nikakutana na mama yake, Carolyne, na sare yake ya hospitali, anakuja mbio. Sikumwacha apite.

"Mfunze mwanao," nikamwambia. "Mnawaacha wanajifuga kama kuku, halafu wanakuja kuharibu watoto wa wenzenu waliolelewa."

Akasimama. Alikuwa anahema. "Mama Khalfan, mtoto wangu si malaika. Ana mdomo, ana hizo kucha, najua. Lakini akiniambia kitu si chake, si chake."

"Kila mama husema hivyo."

"Wewe ni nyanya, na najua umesema hivyo hivyo saa hii huko ndani," akanijibu, akaingia.

Jeuri. Nimerudi nyumbani nikaoga mara mbili.

Alhamisi, 17 Aprili

Presha imepanda. Nimelala kutwa. Warda kaniletea maji na kunibusu mkono. Mtoto mzuri.

Ijumaa, 18 Aprili

Ni Ijumaa yao Kuu. Nilikuwa dirishani nikamwona Carolyne na binti yake wanaingia gari la watu kwenda kanisani Mesaimeer. Carolyne kavaa nyeupe. Valerie hana kucha, kavaa gauni refu, kichwa kafunga kitambaa. Nikasema kwa sauti, sasa ndiyo anakumbuka kufunga kichwa. Khalfan kasema, "Mama, daftari." Ndiyo naandika sasa. Kanafiki.

Jumanne, 22 Aprili

Warda kafukiziwa. Kipande cha udi kimebaki kidogo. Nimempigia dada yangu Unguja aniletee kwa mkono wa mtu.

Jumapili, 27 Aprili

Joto limekuja kwa fujo. Ukifungua mlango ni kama umefungua tanuri la mkate. Mtu wa udi hajafika. Leo nimefukiza kwa vumbi la chini ya kopo.

Jumatano, 30 Aprili

Sijui nianzie wapi, nimekaa na kalamu tangu magharibi.

Alfajiri nilimwambia Warda udi umekwisha. Nilidhani atasema haya, Bibi. Akabadilika rangi. "Hata kidogo? Ubani je? Chochote, Bibi!" Akafungua makabati, akamwaga viungo vyangu vya pilau mezani akitafuta. Nikamwambia, mwanangu, nenda hivyohivyo, nguo safi, nimezipiga pasi jana. Akapiga mguu chini. "Siendi skuli bila udi!" Akaingia chumbani, akajipulizia manukato ya mama yake mpaka nikapiga chafya jikoni, akashuka kwenda kupanda basi analia.

Mtu analia kwa sababu ya kukosa udi? Nilijiuliza hivyo nikiwa naokota mdalasini sakafuni.

Nikaenda kwenye kapu la nguo chafu, nikautoa mtandio wa jana, uliofukizwa kwa lile vumbi la kopo. Nikauweka puani. Juu juu palikuwa na udi, dhaifu. Chini ya udi palikuwa na embe. Si embe la kula. Embe la uongo, tamutamu, zito, limegandana na nyuzi. Nikautoa wa juzi. Embe. Nikalitoa sweta. Embe mpaka kwapani.

Valerie hajakanyaga skuli tangu wiki ile. Basi embe hili ni la nani?

Nimekaa kitandani kwa Warda nikapekua. Sikuona haya, nyumba ya mwanangu hii. Droo, mto, viatu. Mwisho nikafungua pakiti ya pedi, pahala anapojua kwamba mzee kama mie hatatia mkono. Kilikuwamo. Cha manjano, kipya, kinang'aa kama kidudu cha sumu. Kina mate.

Nilitapika. Naandika ukweli, nilikwenda chooni nikatapika.

Karudi saa za basi, nimekaa sebuleni, kitu nimekiweka juu ya sinia. Alikiona kabla hajavua viatu.

"Bibi, umeingia chumbani kwangu?"

"Nimeingia. Kaa."

"Kila mtu anavuta, Bibi. Darasa zima."

"Sijakuuliza darasa. Kile cha chooni, cha waridi, kilikuwa cha nani?"

Akaanza kutafuna kidole. Nikaona vidole vyake vinatetemeka, na mie kwa wiki zote hizi nilidhani ni hofu ya mitihani.

"Changu," kasema.

"Na Valerie?"

"Alikuwa ananawa mikono tu."

"Ukawaambia ni chake."

"Nilishikwa na woga! Niliulizwa ghafla!" Halafu akainua uso, na hapo ndipo aliponichoma. "Na mie sikusema kuhusu udi. Wewe ndiye uliyewaambia. Wewe ndiye uliyesimama."

Mtoto huyu! Kila alfajiri nimeinama juu ya chetezo kwa magoti haya mabovu, namfichia uvundo, nikijisifu. Kanifanya kitambaa cha kufutia mdomo. Na mie nikampelekea Miss Melissa mkono puani nikamwambia nusa. Nimeona haya, na haya ikageuka kinyaa, na kinyaa hakina pa kutemwa.

Jumamosi, 3 Mei

Khalfan na Saida wamekuwa nyumbani pamoja leo, ndiyo nikawaweka kitako. Nimewaonyesha kile kidudu. Saida kalia. Khalfan kakigeuzageuza mkononi, kakiweka, akamwita Warda akamuuliza swali moja, Warda akakubali, akamfukuza arudi chumbani kwake. Nikasema sasa tutakwenda skuli.

Khalfan kasema, "Mama, jambo limeshapita."

"Limepita kwa nani?"

"Warda ana mitihani wiki hizi. Wakijua, wanahesabu mawili kwa moja, anatoka. Hana cheti. Miaka yote hii nimeendesha gari kwenye jua hili ili asome, Mama. Yule wa Carolyne tayari alikuwa na kosa lake."

"Si hili."

"Kenya zipo skuli. Atasoma."

"Na Unguja hakuna?"

Saida akafuta macho, akaanza na maneno ya dini. Kasema Mungu anapenda sitara, mwenye kumsitiri Muislamu mwenziwe husitiriwa, na mtoto wa kike aibu yake haifutiki. Anasema kwa ile sauti ya hoteli, laini, kama ananiambia chumba changu kiko tayari.

Nikamwambia, "Saida, sitara ni kumfunika aliye uchi. Wewe unataka kumvua nguo mtoto wa jirani ili umfunike wako. Usiniletee dini kwa jambo la wizi."

"Wizi gani, Mama?"

"Wa jina la mtoto wa watu."

Khalfan kainuka. "Mie nimemaliza. Hakuna anayekwenda skuli."

Sijawahi kumtazama mwanangu nikamwona mdogo. Leo nimemwona mdogo kama kijiko.

Jumapili, 5 Mei. Hapana, leo ni tarehe 4, nimechanganya.

Mtu wa udi kafika. Nimeupokea, nimeutia kabatini. Warda kauona, hakuthubutu kuomba.

Jumatano, 7 Mei

Nimemwambia Warda peke yetu: una mpaka siku ya baraza. Nenda mwenyewe kwa Miss Melissa, sema mwenyewe. Ukikaa kimya nitakwenda mie. Kile kidudu nimekifunga ndani ya leso, nimekitia chini ya godoro langu, nakilalia kama yai la nyoka.

Kaniambia, "Ukisema, Bibi, nitakufa."

"Hufi. Utaaibika. Ni vitu viwili tofauti."

Ijumaa, 9 Mei

Unyevu. Kuta zinatoka jasho. Hakuna anayesema na mwenziwe humu ndani.

Jumapili, 11 Mei

Nimemkuta Valerie anatupa taka. Hakuniamkia, wala shosh, wala shikamoo, wala basi. Nikamwita.

"Wewe ulijua ni cha Warda?"

"Kwani we hukujua, Bibi?"

"Nimekuuliza."

"Nilijua. Nilimwona akikificha."

"Mbona hukusema?"

"Mimi sichomi mtu, siendi kumsema. Hata mathe aliniuliza, sikumwambia." Akafunga mfuko wa taka vizuri, mafundo mawili. "Sikujua yeye atanichoma. Tulikuwa tunakaa naye kiti kimoja kwa basi."

Akashuka. Huyu ndiye niliyemwita kuku. Hana tumaini la cheti, hana bibi wa kumfukizia, na kakaa kimya kwa ajili ya yule aliyemzamisha. Sisemi ni kitendo cha akili. Mdomo unaomwita mama yake "mathe" siwezi kuusifu. Lakini wangu mie, aliyebusu mkono wangu siku ile ya presha, midomo ile ilikuwa imetoka wapi?

Nimeosha mkono tena.

Jumanne, 13 Mei

Warda hajasema. Kila akirudi namtazama, ananipita.

Alhamisi, 15 Mei

Baraza.

Alfajiri Warda kashuka kwenda kupanda basi bila neno. Nikavaa baibui, nikatoa leso chini ya godoro. Khalfan alikuwa mlangoni na funguo za gari, kofia ya kazi kichwani.

"Nimekwambia huendi."

"Nipishe, au nipige teksi kama nilivyopiga mwanzo."

Kasimama pale nikahesabu kwamba atanizuia. Halafu kashuka ngazi mbele yangu, kafungua mlango wa gari wa nyuma, kana kwamba mie ni abiria. Jua la asubuhi lilikuwa limeshakuwa jeupe.

Tulikuta Carolyne na Valerie wamekaa nje ya chumba, mama kashika mkono wa mtoto. Carolyne aliponiona alifumba macho. Alidhani nimekuja kushuhudia tena.

Nikamwambia Loice, "Niingize mie kwanza."

Ndani palikuwa na Miss Melissa, mkuu wa skuli, na bwana mwingine wa baraza. Nikafungua leso juu ya meza yao ya kioo. Nikasema: hiki nimekikuta chumbani kwa mjukuu wangu, Warda. Kaniambia kwa mdomo wake kwamba na kile cha mwanzo ni chake. Yule mtoto wa nje hana kosa. Na moshi niliowaambia ni wa udi, ulikuwa wa udi kweli, nami ndiye niliyefukiza, na chini yake kulikuwa na huu uchafu. Loice alitafsiri. Safari hii hakucheka.

Wakamwita Warda kutoka darasani. Akaja, akakiona kidudu juu ya meza, akaniona, akamwona baba yake ukutani. Miss Melissa akamuuliza. Warda akajibu kwa Kiingereza, kwa upole, macho chini, mkono kifuani. Sikuelewa. Nikamwangalia Loice.

"Tafsiri, wewe."

"Mama..."

"Tafsiri!"

"Anasema bibi yake ni mzee. Anasema siku hizi unasahau, unachanganya siku, unaokota vitu njiani unavileta nyumbani. Anasema hicho hakijui. Anaomba wasikuone vibaya, ni ugonjwa."

Nimezika mume. Nimezika watoto wawili. Sijawahi kusikia baridi kama ile. Aliisema kwa heshima! Kanifanya kichaa kwa sauti ileile anayoniambia nifukizie, Bibi.

Nilitaka kugomba. Na nilijua, nikipiga kelele pale, nitakuwa kichaa kweli mbele yao.

Mkuu wa skuli akageuka kwa Khalfan. Akamuuliza jambo. Lilikuwa jambo fupi, na chumba kizima kikamtazama mwanangu.

Khalfan alikuwa anatazama viatu vyake. Akavua kofia. Akaigeuza mkononi, duara, duara. Mie nikatazama ile kofia, sikuweza kumtazama uso, kwa sababu nilikuwa ninamjua, na nilijua anachokipima. Upande mmoja mtoto wake na miaka yote ya jua. Upande wa pili mama mzee ambaye neno moja tu lingemfanya mgonjwa, na kila mtu angerudi nyumbani salama.

Akasema kwa Kiingereza, pole pole. Sikuelewa hata neno. Warda akaanza kulia kwa sauti.

Loice akainama sikioni kwangu. "Amesema, akili ya mama yangu ni nzima kuliko yangu. Amesema alikiona hicho kitu nyumbani kwa macho yake, na mtoto alikubali mbele yake. Amesema ni yeye aliyekuzuia usije."

Khalfan akarudisha kofia kichwani, akatoka nje. Hakungoja hukumu.

Jumapili, 18 Mei

Hukumu imekuja: Warda amalize karatasi zake za mitihani, akifika anakaguliwa mkoba, kisha asirudi. Cheti hapewi. Valerie kapanda basi leo.

Khalfan ananiambia "shikamoo" na "kula" basi. Saida haniambii hata hayo. Jana Khalfan kaniuliza, "Umeridhika, Mama?" Nikamwambia sijaridhika, nimechefuka, na nitakaa nimechefuka. Akasema, "Na mie." Tukanywa chai.

Mitihani ikimalizika narudi Unguja, na Warda narudi naye. Skuli ya serikali, foleni ya bomba, na mie nyuma yake.

Jumatano, 21 Mei

Hana kile kidudu tena, na mwili unakidai. Anatoka jasho ndani ya kiyoyozi, halali, anatukana, anatupa mto, anakula sukari kwa kijiko. Nimemwambia na atukane. Nampa uji, anaumwaga, nakoroga mwingine. Namtazama nasikia kinyaa na huruma kwa pamoja, na kinyaa ndicho kikubwa, nisijidanganye. Wanaouza vitu hivi wamewawekea watoto ladha ya matunda, kama wanavyowatega panya.

Ijumaa, 23 Mei

Nilipanda kwa Carolyne. Nilisimama mlangoni nikasema, lile nililokwambia getini lilikuwa baya na halikuwa kweli. Mbele ya jirani wa pembeni aliyekuwa anatoka, nikarudia, asikie naye.

Carolyne kasema, "Nimesikia, Mama Khalfan." Hakunikaribisha. Ningekuwa yeye nami nisingenikaribisha.

Jumanne, 27 Mei

Joto hili si la binadamu. Karatasi ya mwisho ya Warda ni kesho.

Alhamisi, 29 Mei

Jioni Warda katoka chumbani kavaa viatu. Sikumwambia aende popote. Nimekoma kumwambia. "Napanda juu," kasema.

Nikaacha mlango wazi, nikasikiliza ngazini kama mwizi. Kabisha. Mlango ukafunguliwa. Nikasikia sauti ya Valerie: "Unataka nini?" Halafu Warda, chini chini, maneno mengi, sikuyakamata. Halafu mlango ukafungwa, si taratibu.

Nikangoja nisikie akishuka. Hakushuka. Chai yangu ikapoa. Nikasikia kubisha tena. Kimya. Kubisha tena.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nikamuuliza, "Kakufungulia tena?"

"Hapana."

"Mara zote hizo?"

"Hapana, Bibi. Kasema niende zangu."

"Sasa?"

Kavua viatu. Hakuvitupa kama kawaida yake, kaviweka palepale mlangoni, pua zake zinatazama nje.

"Kesho ni Ijumaa, siku wanayosali huku," kasema. "Watakuwepo nyumbani mpaka saa za kanisa. Nitakwenda mapema."

Nimempakulia chakula. Nyama kidogo, wali mwingi. Kala wote.